Mlima Uliolala Mzenga

Niliondoka Gongo la Mboto saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku chache baada ya masika kukatika. Mkobani nilikuwa na chupa mbili za maji, daftari, futi ya fundi na lenzi ya kukuzia niliyoinunua Kariakoo. Nilikuwa nakwenda Mzenga, wilayani Kisarawe, na nilipanga kurudi kwa njia ya Mlandizi, wilayani Kibaha. Nilikuwa nakwenda kutazama udongo.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Kwa miaka kumi na tisa nimechora ubaoni mchoro ule ule: mlima, mvua, mto, bahari. Nimewaambia wanafunzi kwamba miamba huvunjika, vipande vyake husombwa, na sura ya nchi hubadilika. Mifano niliyotoa ilikuwa ya vitabuni: korongo la mto Colorado huko Marekani, na mapango ya chokaa ya Ulaya. Mwaka huu binti mmoja wa kidato cha pili alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, kwani huku kwetu mambo haya hayapo?" Nilimjibu kwamba yapo. Lakini sikuwa nimekwenda kuyaona kwa macho yangu, na jibu la namna hiyo mwanafunzi hulijua uzito wake.

Ndiyo maana nilifunga safari.

Daladala ya Kisarawe ilianza kupanda vilima vya Pugu jua likiwa bado changa. Vilima hivi si virefu. Sehemu zake za juu hufikia kama mita 300 kutoka usawa wa bahari. Hata hivyo, kwa mtu wa Dar es Salaam aliyezoea tambarare, Pugu ndio mlima wa kwanza. Niliteremka mahali ambapo ukingo wa ardhi umekatwa kupisha njia. Tabaka zilikuwa wazi kama za mkate uliokatwa kwa kisu kikali: juu udongo mwekundu, chini yake wa rangi ya njano, na chini kabisa weupe uliofanana na chaki.

Nilibandua kipande cha ule weupe nikakifikicha kiganjani. Kilivunjika bila ubishi. Unga laini ulinibaki kwenye vidole, na katikati yake punje ngumu ziling'aa chini ya lenzi. Unga ule ni kaolini, na punje zile ni kwatzi. Zamani za kale vyote viwili vilikaa pamoja ndani ya mwamba mmoja mgumu, maana mwamba wa jamii ya graniti una madini mengi yaitwayo feldispa, yaliyoshikana na kwatzi.

Adui wa feldispa ni maji ya mvua. Yakipita hewani hubeba gesi ya kabonidayoksaidi, na yakipenya kwenye majani yaliyooza huibeba zaidi, hata yakawa asidi. Asidi hiyo ni dhaifu, haiwezi hata kuchachua ulimi, lakini ina subira. Mwaka baada ya mwaka hupenya kwenye nyufa, huyeyusha potasiamu na sodiamu ikaenda nazo, na feldispa iliyokuwa ngumu kama jiwe la kusagia hugeuka unga. Kwatzi yenyewe haikubali kuyeyuka. Hubaki punje moja moja, nasi tunaiita mchanga. Chuma kilichokuwemo hupata kutu kama bati la nyumba ya zamani, na kutu hiyo ndiyo wekundu wa udongo wetu wa Pwani. Nilipoelewa hivyo, ukingo ule ukasomeka wote: mwekundu ni kutu, mweupe ni feldispa iliyooza, mchanga ni kile kilichokataa kuoza.

Neno "kuoza" nalitumia kwa makusudi. Mwamba huoza kama gogo linavyooza shambani, tofauti ni muda tu.

Kaolini ya Pugu hutajwa miongoni mwa akiba kubwa za madini hayo duniani. Hutumika kutengenezea vyombo vya kauri, karatasi na rangi. Iliwahi kuchimbwa hapa, na mahandaki ya machimbo ya zamani sasa ni makazi ya popo. Lakini jambo lililonishika ni lingine. Wanajiolojia wanaeleza kwamba mawe-mchanga ya Pugu yaliwekwa na mito ya kale katika kipindi cha Miosini, kati ya miaka milioni 23 na milioni 5 iliyopita. Mito hiyo ilitoka bara, ikibeba mabaki ya miamba mikongwe ya upande wa magharibi, jamii ya ile iliyojenga Uluguru. Baadaye ardhi ilipasuka, kipande hiki kikainuliwa. Kwa hiyo kilima nilichokuwa nimesimama juu yake ni kifusi cha mlima mwingine, na chenyewe kinaendelea kuliwa na mvua. Mlima huzaa mlima.

Kabla ya kufika Kisarawe mjini nilipita pembezoni mwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu–Kazimzumbwi. Katika vilima hivi ndimo unamoanzia mto Msimbazi, ule unaofurika Jangwani na kutufanya watu wa Dar es Salaam tuhesabu hasara. Usiku wa kuamkia siku ile ilikuwa imenyesha mvua ya mwisho mwisho. Kijito kilichotoka msituni kilikuwa kimeng'aa, unaona majani yaliyolala chini. Mtaro wa kando ya barabara, hatua chache tu kutoka hapo, ulikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mvua ni ile ile na mteremko ni ule ule. Kilichotofautisha ni kwamba upande mmoja tone la mvua linapokelewa na jani, kisha na takataka za majani, kisha na mizizi, na upande wa pili linapiga udongo mtupu. Tope la mitaro kama ule ndilo hushuka na Msimbazi hadi Jangwani, likapunguza kina cha mto, na mvua ijayo ikakosa pa kupita. Tukiona gharika pale Jangwani tunatazama juu, mawinguni, kumbe sehemu ya kesi iko huku mlimani.

Kutoka Kisarawe nilipanda Noah ya Maneromango, tukapita Masaki. Njia nzima ilikuwa mikorosho, miembe, mihogo na michungwa. Maneromango nikapata bodaboda wa kunipeleka Mzenga. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na aliposikia nimekuja kutazama udongo, hakushangaa hata kidogo.

"Udongo wa huku mimi naujua kwa tairi, mwalimu," alisema. "Kule juu kwenye migongo ni mwekundu, tairi linashika. Ukianza kushuka unakuta kichanga cheupe, hapo unazama. Ukifika bondeni ni mfinyanzi mweusi. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi pikipiki haikubebi. Unaibeba wewe."

Nilimwomba asimame ili niandike. Alichokisema ndani ya nusu dakika ni somo ambalo mimi hulifundisha kwa vipindi viwili. Juu ya mwinuko maji hupenya na kuondoka, hewa huingia, chuma hupata kutu, udongo huwa mwekundu. Kwenye mteremko mvua husomba vile vilivyo laini, hubakiza mchanga. Vile laini hufika bondeni, hutulia kwenye maji yaliyosimama, hushikamana, na huwa vyeusi. Wakulima wa hapa walishagawana kazi kufuatana na mpangilio huo: mikorosho na mihogo kwenye kichanga, mpunga kwenye mbuga ya bondeni. Ramani ya mashamba yao ni ramani ya mmomonyoko.

Tulifika Mzenga jua likiwa utosini. Ni kata ya vijiji vya mashamba, katikati ya vilima vya Kisarawe na bonde la mto Ruvu, na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 inapita huko. Nilipelekwa kwa mzee mmoja ambaye ujanani alichimba visima. Nilimkuta chini ya mwembe, akisuka kamba.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu. Umekuja kununua shamba?"

"Hapana, babu. Nimekuja kuliangalia."

Alicheka, akanivutia kigoda. Nilipomweleza shida yangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Udongo huu mnaouona si mwenyeji. Umehamia." Nikamuuliza amejuaje. Akamtuma mjukuu wake ndani, akarudi na kopo la bati lenye mawe madogo yaliyotoka kwenye kisima alichochimba zamani. Aliyamimina mkekani. Yalikuwa kokoto za kwatzi, nyeupe na za rangi ya asali, na karibu zote zilikuwa za mviringo, laini kama punje za kunde.

Nilizishika kwa heshima. Jiwe linapovunjika mlimani huwa na ncha na makali. Ili liwe mviringo, sharti liviringishwe na maji, ligongane na wenzake, lisuguliwe na mchanga, mwendo mrefu na miaka mingi. Kokoto iliyotoka kisimani Mzenga, mahali ambapo leo hakuna mto, inaelekea kusema jambo moja: hapa palipita mto. Mzee hakuhitaji nimweleze. "Jiwe la mviringo ni jiwe la safari," alisema, akazirudisha koponi moja moja.

Alasiri mama mmoja jirani yake alinipeleka kuona korongo lililokuwa likimsumbua. Lilianzia juu, kwenye kijinjia ambacho baiskeli za mkaa zilikuwa zikipita kila siku, likashuka hadi katikati ya shamba lake la mihogo. Nilitoa futi ya fundi. Mahali pa katikati kina kilikuwa mita 2.4 na upana mita 3.1.

"Mwanangu wa mwisho alipoanza darasa la kwanza, nilikuwa naliruka na ndoo ya maji kichwani," alisema. "Sasa yuko darasa la sita, nami nazunguka hadi kule kwenye mnazi."

Nilishuka ndani. Kuta za korongo zilikuwa na tabaka zile zile za Pugu kwa udogo wake. Chini, kwenye bega la mchanga, niliona kitu kilichonipigisha magoti: nguzo ndogo ndogo za udongo, urefu wa kidole, kila moja imevaa kijiwe kichwani kama kofia. Mvua ilikuwa imepiga na kuondoa udongo wote wa pembeni, ila penye kijiwe tone lilishindwa, na udongo wa chini yake ukabaki umesimama. Hivyo ndivyo tone la mvua linavyofanya kazi, na nguzo zile zilinipa kipimo cha udongo ulioondoka. Anayetaka kuona nguzo kubwa zilizochongwa na mmomonyoko aende Isimila, karibu na Iringa, zinakompita mtu kwa urefu mara nyingi, au Marafa katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ambako mvua na upepo vimeuchonga mchanga mgumu ukawa magenge ya rangi nyekundu, njano na nyeupe. Sheria iliyochonga huko ndiyo iliyochonga kwenye shamba la mama huyu.

Tulikaa ukingoni nikamweleza hatua zake. Kwanza tone hupiga udongo uliovuliwa nguo na kuurusha. Kisha maji hutandaa na kuondoa utando mwembamba ambao mkulima hauoni, anaona tu kwamba mihogo ya mwaka huu ni midogo. Kisha maji hutafuta mahali pa chini, yakapata mchirizi; mchirizi ukapata kijinjia cha baiskeli; na maji yaliyokusanyika yana nguvu ambayo maji yaliyotawanyika hayana. Mchirizi ukawa mfereji, mfereji ukawa korongo. Tangu hapo korongo hukua kwa kurudi nyuma, likila mlima kwa kichwa chake.

Mama alinisikiliza, akanionyesha alichokwisha kuanza. Kwenye kichwa cha korongo alikuwa amepanda majani ya tembo safu tatu, na ndani yake alikuwa ameweka viroba vya mchanga kukatiza maji. Nyuma ya kiroba cha kwanza udongo mpya ulikuwa umejaa kiasi cha shubiri moja, na mche wa mpapai ulikuwa umeota humo wenyewe. "Huo udongo ulikuwa unakwenda zake," alisema. "Nimeukamata."

Jioni, tukila ugali na kisamvu, nilimsimulia mzee habari ya kiroba na mpapai. Akasema, "Wazee walisema bandu bandu huisha gogo. Na wazee hao hao wakasema haba na haba hujaza kibaba. Watu wengi wanadhani ni methali mbili."

Niliandika maneno hayo daftarini kwa mwanga wa kurunzi. Sijapata maelezo bora ya somo langu. Mlima huondolewa chembe kwa chembe mahali pamoja, na chembe zile zile hujaza bonde mahali pengine. Anachopoteza wa juu, anakipata wa chini, na wa chini anapokea zaidi ya anavyotaka pale wa juu anapoharakisha.

Kesho yake nilichukua gari la Mlandizi. Tulivuka kutoka Kisarawe kuingia Kibaha, na kutoka Mlandizi nikasogea hadi Ruvu Darajani, kwenye barabara ya Morogoro. Nilishuka chini hadi karibu na maji.

Mto Ruvu hutoka milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake hupita mita 2,600 na miamba yake ina umri unaozidi miaka milioni 600. Huingia Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Mahali niliposimama mto ulikuwa umepinda. Upande wa nje wa pindo maji yalikuwa ya kasi, na gema lilikuwa limekatwa wima, mizizi ya miti ikining'inia hewani. Upande wa ndani maji yalikuwa ya taratibu, na palikuwa na fungu la mchanga safi. Mto ule ule, mahali pale pale, kwa mkono mmoja unabandua na kwa mkono mwingine unajaza.

Nilichota maji kwa chupa tupu nikayaacha yatulie kivulini. Baada ya saa nzima palikuwa na utando wa kahawia chini, mwembamba kama masalio ya kikombe cha kahawa. Ni kidogo. Lakini mto hupitisha chupa ngapi kwa siku moja? Na Dar es Salaam hunywa maji ya mto huu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Bwawa la Kidunda, juu ya mto huu huu, limekusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190 kwa ajili ya miezi ya kiangazi. Kila bwawa duniani lina adui mmoja asiyelala, nalo ni tope linaloshuka kutoka mashamba ya juu. Watu wa Morogoro wanalijua hilo kwa bwawa lao la Mindu, ambalo tope limekula sehemu ya nafasi yake.

Nisieleweke kwamba nauchukia mmomonyoko. Usingekuwapo, mpunga wa bondeni usingekuwapo, mikoko ya mdomo wa Ruvu isingepata tope la kushika mizizi, na fukwe zetu zisingepata mchanga. Kunduchi tumeona bahari ikila ufukwe, na moja ya sababu zinazotajwa na wataalamu ni mchanga uliochimbwa kwenye mito midogo kabla haujafika baharini. Kinachotuumiza ni mwendo. Mwamba huhitaji mamia ya miaka kutoa sentimita moja ya udongo, na masika moja juu ya mteremko uliofyekwa huweza kuiondoa yote. Mlima nao ukishakunywa maji kupita kiasi haungoji chembe kwa chembe: tarehe 3 Desemba 2023, kwenye miteremko ya mlima Hanang, mwamba uliodhoofika uliteremka na mvua ukiwa tope, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha.

Historia ya Uluguru wenyewe imetuachia fundisho. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, matuta mengi yaliuzika udongo wenye rutuba na kufunua wa chini usiozaa, na mwaka 1955 wananchi walikataa hadi mpango ukaachwa. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, ila tiba ilitolewa kwa amri, bila kumsikiliza anayeijua ardhi. Mama wa Mzenga hakuamriwa na mtu. Alitazama maji yanakopita, akaweka kiroba.

Nimerudi darasani. Mezani kwangu kuna chupa ya maji ya Ruvu yenye utando wake, kipande cha kaolini ya Pugu, na kokoto moja ya mviringo ambayo mzee alinipa nilipoaga. Yule binti wa kidato cha pili ndiye aliyeishika wa kwanza. Nimemjibu swali lake, safari hii kwa uzito unaostahili.

Walimu wenzangu, somo hili liko umbali wa nauli ya daladala. Wapelekeni watoto wakalishike kwa mikono. Viongozi wa vijiji na kata, wanaojua dawa ya korongo tayari wamo vijijini mwenu. Waiteni wawafundishe wengine. Nawe unayelima kwenye mteremko, Mzenga au popote: udongo ulio chini ya jembe lako ni mlima uliosafiri mamilioni ya miaka ukaja kulala hapo. Ukiuona mchirizi shambani leo, uzibe kabla ya vuli.